Kipupwe cha Nani? Uhakiki wa Istilahi katika Tafsiri ya Mwongozo wa Kulea Miche ya Bonsai

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zilizotumiwa katika mswada mmoja wa tafsiri ambao tuliombwa kuutolea maoni kabla haujapigwa chapa. Mswada wenyewe ni mwongozo mfupi wa bustani uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, unaoeleza jinsi ya kulea ndani ya nyumba miche na vipande vya miti ya bonsai katika miezi ya baridi ya nchi za kaskazini. Umekusudiwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambao kwao chungu cha mti dirishani ni burudani, na kwa baadhi yao ni kumbukumbu ya nyumbani. Jina la mfasiri hatulitaji, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Yamo katika kamusi anazozitegemea na katika mazoea yetu sisi sote tunaofanya kazi hii.

Yamkini baadhi ya wasomaji watauliza: Kiswahili kina haja gani na miti ya Kijapani inayolelewa Ulaya, ilhali istilahi za mazao yetu wenyewe hazijakamilika? Swali ni la haki. Lakini mbuyu na mkwaju wetu ni miongoni mwa miti ambayo wapenda bonsai wa nchi hizo huiotesha kwa mbegu, na jamaa za mkuyu ni miongoni mwa zile zinazouzwa kwa wingi katika maduka yao ya maua. Zaidi ya hayo, somo hili linakipima Kiswahili mahali ambapo hakijazoea kupimwa, nako ni katika baridi. Na mwongozo wa bustani una sifa moja ambayo riwaya haina: msomaji wake husoma ili atende. Mfasiri wa riwaya akikosea jina la majira, msomaji hupotewa na ladha kidogo. Mfasiri wa mwongozo huu akikosea jina hilo hilo, mche hufa, na ufasaha wa sentensi hautaufufua.

Tuanze na jina la somo. Neno bonsai limeundwa na sehemu mbili: bon, yaani sinia au chombo kipana kisicho na kina, na sai, yaani kupanda. Kwa hiyo bonsai ni kilichopandwa siniani. Wajapani waliipokea sanaa hii kutoka China, wakailea kwa karne nyingi mpaka ikawa yao. Tazama kwamba neno halitaji aina yoyote ya mti, wala halisemi kwamba mti ni mdogo. Mfasiri wetu hakuridhika kulichukua neno jinsi lilivyo. Katika sura ya kwanza anaandika mti mbilikimo, katika sura ya tatu anaandika mti uliodumazwa, na katika jedwali la mwisho anaandika mbonsai, wingi wake mibonsai. Kitu kimoja kupewa istilahi tatu katika kijitabu kimoja ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa tafsiri huonywa nalo, lakini si hilo linalotusumbua zaidi. Linalotusumbua ni kwamba kila moja ya istilahi hizo inasema uongo wake.

Mbilikimo ni jina ambalo watu wamebandikwa, na halina heshima. Tungeliacha kwa sababu hiyo pekee. Lakini hata tungesema mti kibete, bado tungekosea, kwa maana kibete amezaliwa hivyo. Katika elimu ya bustani ipo miti iliyo vibete kwa kurithi, nayo ni jambo jingine kabisa. Mti wa bonsai ni mti wa kawaida. Mbegu yake ikichukuliwa na kupandwa shambani, itatoa mti wenye urefu wa ukoo wake. Udogo wake umetokana na mkono wa mlezi: kupogoa matawi, kupunguza mizizi, kufunga waya na kubadilisha udongo wa chungu kila baada ya muda.

Istilahi ya pili, uliodumazwa, ni ya hatari zaidi kwa sababu inasikika kama Kiswahili kizuri. Kudumaa ni kukosa kukua kwa njaa au kwa maradhi. Ndilo neno tunalolisikia zahanatini mtoto anapopimwa uzito. Msomaji akiambiwa kwamba anataka kuudumaza mti, ataunyima maji na mbolea, na atadhani anafanya vyema. Kinyume chake ndicho kweli: mti wa bonsai hulishwa na kunyweshwa kwa uangalifu kuliko mti wa shambani, maana mizizi yake haina pa kwenda kutafuta. Mwaka 1976 Japani iliipa Marekani zawadi ya bonsai 53, na miongoni mwake umo msonobari ambao malezi yake yanahesabiwa tangu mwaka 1625, na ambao ulinusurika bomu la Hiroshima la mwaka 1945 ukiwa katika ua wa walezi wake. Mti uliodumaa hauishi karne nne.

Mbonsai nalo linavunja sarufi ya maarifa. Katika Kiswahili ngeli ya m-/mi- ndiyo ngeli ya aina za miti: mwembe huzaa embe, mnazi huzaa nazi, mkwaju huzaa ukwaju. Anayesikia mbonsai atatafuta mbegu za mbonsai, na wafanyabiashara wasiokosekana watamuuzia. Tayari wapo wanaouza pakiti za mbegu za bonsai, ingawa mbegu ya namna hiyo haipo duniani. Iliyomo pakitini ni mbegu ya mti fulani wa kawaida. Kwa hiyo tunapendekeza neno bonsai libaki lilivyo, katika ngeli ya N, bonsai hii na bonsai hizi. Na pale ambapo Kiingereza kimekubali kusema mche wa bonsai, Kiswahili kiseme mche wa kufanyiwa bonsai, au kitaje tu mti wenyewe: mche wa mbuyu, mche wa msonobari. Ni maneno mengi zaidi, lakini hayamdanganyi mnunuzi.

Sasa tufike kwenye majira, ambako ndiko penye kiini cha uhakiki huu. Mswada unatumia masika, kiangazi, vuli na kipupwe kwa majira manne ya nchi za kaskazini, kama zifanyavyo kamusi nyingi na kama walivyotufundisha walimu wetu wa jiografia. Mlinganisho huu umezoeleka kiasi kwamba kuupinga huonekana kama ubishi. Hata hivyo hatuna budi kuutazama upya, kwa sababu maneno manne hayo hayakuzaliwa kwa ajili ya joto na baridi. Yalizaliwa kwa ajili ya mvua, ukame na pepo. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Kiangazi kwa mtu wa pwani ni joto la Januari na Februari, na kwa mkulima wa Dodoma ni ukame mrefu wa katikati ya mwaka. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, wakati kusi inavuma, ambapo usiku joto la Dar es Salaam hushuka hadi karibu nyuzi 19 za Sentigredi na watu wakatafuta shuka ya pili.

Ajabu yake ni kwamba maneno mawili kati ya manne hayo yanaafikiana na majira ya kaskazini kwa miezi lakini yanayapinga kwa maana, na mengine mawili yanaafikiana kidogo kwa maana lakini yanayapinga kwa miezi. Vuli yetu na majira ya kupukutika majani ya Ulaya huja karibu pamoja. Lakini hapa vuli ni wakati wa mbegu kuota, na kule ni wakati wa mti kuvua majani na kujifunga. Kipupwe ni baridi, naam, lakini huja wakati Ulaya ina joto lake kuu. Kwa miezi kinafaa zaidi majira ya baridi ya Cape Town kuliko ya Oslo. Na hata kwa ubaridi kipupwe hakifai. Nyuzi 19 ni joto ambalo mche wa mkwaju hulifurahia. Katika nyumba nyingi za Ulaya ni joto la sebuleni, hita ikiwaka.

Mswada unasema hivi: vuli ikianza ingizeni ndani miche ya miti ya nchi za joto, na masika yakiingia itoeni tena nje. Tuchukue msomaji aliyekulia Tanga na sasa anakaa Oslo. Vuli yake, ile aliyokua nayo, huanza Oktoba. Lakini miche ya mkwaju na ya jamaa za mkuyu inatakiwa kuingizwa ndani mara usiku unapokaribia nyuzi 12, na huko Oslo hilo hutokea Septemba au hata mapema zaidi. Akiingoja vuli, ataingiza vijiti vikavu. Masika yake huanza Machi, mwezi ambao Oslo bado maji hugandia nje usiku. Akiitii sentensi hiyo, atapoteza mwezi Machi kile alichokiokoa Oktoba. Mfasiri hakukosea kamusi hata mara moja. Kila neno lina ushahidi. Sentensi nzima inaua.

Watatokea watakaosema kwamba msomaji ana akili, na akiishi Oslo atafahamu kwamba masika ya kitabu si masika ya Tanga. Huenda. Lakini istilahi ambayo msomaji hana budi kuisahihisha kila anapoisoma imekwisha kushindwa kazi yake. Tungeshauri majira hayo yaitwe kwa sifa zake: majira ya baridi, majira ya machipuko, majira ya joto, majira ya majani kupukutika. Majina haya si mageni, yamo vitabuni, na kosa lake pekee ni urefu. Lakini tungeshauri zaidi ya hapo kwamba katika vitabu vya namna hii jina la majira lisiachwe kusimama peke yake. Mmea haujui majira. Unajua nyuzi za joto na saa za mwanga. Desemba huko London mchana hauzidi sana saa saba na dakika hamsini, na Stockholm ni kiasi cha saa sita. Dar es Salaam mchana haupungui sana chini ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Mfasiri akiandika "usiku unapofika nyuzi 12" na "mchana unapopungua saa tisa", amemwondolea msomaji mzigo wote wa kipupwe na vuli, na sentensi itafaa Oslo, Toronto na Njombe vilevile.

Jambo la usingizi wa miti linafuata hapo hapo. Mti wa mepo wa Kijapani, ambao kwa jina la kisayansi ni Acer palmatum, pamoja na misonobari na mitarakwa ya nchi za baridi, hauna budi kupitia kipindi kirefu cha baridi kila mwaka, aghalabu chini ya nyuzi 7, ndipo machipukizi yake yafunguke sawasawa. Wakulima wa matufaha wanalijua jambo hili, nao huzihesabu saa za baridi hizo kwa mamia, na kwa aina nyingine hupita 1,000. Mti wa namna hiyo ukiwekwa sebuleni penye joto mwaka mzima hauonyeshi shida mara moja. Hutoa majani yasiyo na nguvu, hutumia akiba yake, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili hufa pole pole bila mwenyewe kujua sababu.

Hali hiyo mswada unaiita mapumziko. Kwa maoni yetu neno hilo linaelekeza kubaya. Mtu anayepumzika hutafutiwa mahali pa starehe, akaongezewa joto na chakula. Mlezi akisoma kwamba mepo yake inahitaji mapumziko, moyo utamtuma aisogeze karibu na hita. Usingizi ni neno bora, na Kiswahili tayari kinalitumia hivyo: mbegu isiyoota husemwa imelala. Nasi tungependa kwenda hatua moja mbele, tutofautishe usingizi wa baridi na usingizi wa ukame, kwa sababu hapa ndipo mbuyu unapoingia.

Mbuyu nao hulala. Kila mwenyeji wa Dodoma au Iringa ameuona ukisimama mtupu miezi mingi, matawi yake kama mizizi iliyoelekezwa mbinguni. Lakini mbuyu unalala kwa kukosa maji, si kwa baridi. Mche wa mbuyu unaolelewa Ulaya huangusha majani mwanga unapopungua, na wakati huo unataka vitu viwili: joto, na udongo mkavu karibu kabisa. Mswada umeupanga mbuyu pamoja na mepo chini ya kichwa kimoja cha miti inayopumzika, kisha ukatoa agizo moja kwa yote: weka mahali pa baridi na umwagilie kidogo. Kwa mepo agizo hilo ni uhai. Kwa mbuyu ni kuoza kutoka mizizini, na mwenye mche atakuja kugundua anapoushika na kuona shina limelainika kama ndizi iliyoiva mno. Jamaa za mkuyu hazilali kwa namna yoyote kati ya hizo mbili. Zinataka joto, mwanga na maji ya kiasi mwaka mzima. Kwa hiyo zipo hali tatu, na mfasiri alikuwa na neno moja. Hatumlaumu kwa kukosa maneno mengine. Tunamlaumu kwa kutoona kwamba alihitaji zaidi ya moja, maana mwongozo wa Kiingereza, kwa kadiri tulivyoulinganisha, unazitofautisha.

Neno ndani limepata bahati mbaya kama hiyo. Katika lugha yetu nyumba haina haja ya kugawanywa kwa joto. Ndani ni ndani, nje ni nje, na katikati yake ipo baraza. Mwandishi wa Kiingereza anataja sehemu tatu zilizo mbali kabisa kwa hali zake: chumba chenye hita, banda au gereji isiyopashwa joto, na sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo linalowekwa uani. Mswada umeziita zote ndani. Katika chumba chenye hita hewa hukauka sana, unyevu wake ukashuka hadi asilimia 30 au chini ya hapo, na mwanga mbali na dirisha ukawa lukisi mamia machache tu, ilhali jua la mchana nje ni kama 100,000. Humo ndimo mche wa mkwaju unaweza kuishi, kwa msaada wa taa za kukuzia mimea zinazowashwa saa 14 hadi 16 kwa siku na kuning'inizwa karibu na majani. Mche usiopewa taa hiyo hurefuka, hupauka, kisha huinama upande wa dirisha. Mepo mahali pake ni banda au sanduku la kioo. Huko haihitaji mwanga mwingi, kwa kuwa haina majani. Inahitaji tu kwamba mizizi isigande. Mizizi iliyo chunguni huumia kwa baridi mapema kuliko matawi, maana haina ardhi ya kuikinga. Tunapendekeza chumbani, bandani na sandukuni, maneno matatu mepesi, na neno ndani liachwe kwa utangulizi.

Tunafika sasa kwenye kosa ambalo tungeomba lirekebishwa hata kama mengine yote yataachwa. Mswada unasema mara nne kwamba mche ulindwe na theluji. Asili ya Kiingereza haikusema theluji. Ilitaja ile baridi ya usiku mweupe usio na mawingu, ambayo huugandisha umande juu ya majani na maji ndani ya chembe zake. Kiswahili kina maneno kwa jambo hilo: sakitu, na jalidi. Kamusi zinayo, ingawa wachache huyatumia. Theluji ni kitu kingine, na kwa mche uliolala ni rafiki: ikifunika chungu huwa kama blanketi, na udongo ulio chini yake haupati baridi kali kama ya juu. Walezi wengine huirundika kwa makusudi juu ya vyungu vyao. Msomaji wa mswada huu atatoka asubuhi na mapema kuiondoa theluji kwa ufagio, na usiku wa pili sakitu itaikuta mizizi wazi.

Kuhusu vipande vya matawi vinavyopandwa ili viote mizizi, mswada unatumia vipandikizi. Neno hili limechoka kwa kazi nyingi. Kupandikiza ni kuhamisha mche kutoka kitaluni hadi shambani, kama afanyavyo mkulima wa mpunga. Kupandikiza kwa wengine ni kuunganisha tawi la mti mmoja na shina la mwingine. Kipandikizi ni kijiti cha uzazi wa mpango. Pandikizi la mtu ni jitu la miraba minne, na pandikizi katika siasa ni mtu mwingine kabisa, ambaye hatuna haja naye hapa. Katika ukurasa mmoja wa mswada vipandikizi vinaota mizizi, vinaunganishwa na shina na vinahamishwa chungu, na si rahisi kujua lini ni kipi.

Mabwana shamba na mabibi shamba wetu walikwisha kulitatua tatizo hili zamani, bila kamati. Kwa kuunganisha, husema kubebesha: miche ya maembe iliyobebeshwa inauzwa barabarani kwa jina hilo. Kwa kipande cha shina la mhogo au la muwa husema pingili, nalo ni neno lenye elimu ndani yake, maana pingili ina vifundo, na vifundoni ndimo mnamotoka machipukizi. Kwa viazi vitamu husema marando, ila hayo tuyaachie viazi. Tunapendekeza pingili liwe neno la jumla kwa kipande chochote cha mti kinachopandwa ili kiote mizizi. Kisha pawe na pingili tupu kwa kipande cha mti mgumu kisicho na majani, na pingili ya ncha kwa kile kinachokatwa mwishoni mwa tawi pamoja na majani yake, kama ilivyo kwa mtarakwa. Itapingwa kwamba ncha ya mtarakwa haifanani na pingili ya mhogo. Haifanani, lakini mwanafunzi aliyewahi kupanda mhogo ataelewa kwa dakika moja kinachotakiwa, na hilo haliwezi kusemwa juu ya kipandikizi.

Katika sura hiyo hiyo ya pingili mfasiri amefanya kazi nzuri ambayo haifai kupitwa kimya. Maelezo yake juu ya joto la chini, yaani kupasha udongo kwa mkeka wa umeme hadi nyuzi 20 au zaidi kidogo huku majani yakibaki katika hewa ya ubaridi, ni safi na mafupi. Kuzoesha miche, kwa ile kazi ya kuitoa nje kidogo kidogo kabla ya kuiacha huko moja kwa moja, ni istilahi kamili, ichukuliwe. Hata sentensi zake juu ya kufunika pingili kwa mfuko wa plastiki ili unyevu usitoroke zinaonyesha kwamba aliyeandika amewahi kufanya, au amemtazama anayefanya.

Ndiyo maana inashangaza kwamba mtu huyo huyo anaandika kuoza kwa unyevu kwa ugonjwa ambao kila mkulima wa nyanya na kabichi nchini anauita kinyausi. Ni ule ugonjwa wa ukungu unaoukata mche mchanga usawa wa udongo, jioni umesimama na asubuhi umelala. Huupata mche wa mbuyu dirishani Ulaya kama uupatavyo mche wa nyanya kitaluni Lushoto, kwa sababu zile zile: maji mengi, hewa isiyotembea, miche iliyosongamana. Tangu Baraza liliposimamishwa kwa sheria mwaka 1967, imekuwa ikisisitizwa kwamba istilahi itafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha zetu nyingine za Kibantu, ndipo tuzigeukie lugha za nje. Kinyausi lilikuwa limelala kitaluni likingoja kuchukuliwa.

Limebaki neno moja gumu. Mbegu za mepo na za misonobari fulani haziwezi kuota mpaka zikae miezi kadhaa katika unyevu na baridi. Mepo ya Kijapani huhitaji takriban miezi mitatu hadi minne karibu na nyuzi 4. Zamani bustani za Ulaya zilizipanga mbegu hizo tabaka kwa tabaka na mchanga mbichi, na jina la Kiingereza likatokana na tabaka hizo. Leo mlezi huzitia katika mfuko wenye mchanga mbichi na kuziweka katika jokofu. Hakuna tabaka tena. Mfasiri ameandika utabakishaji wa mbegu. Msomaji atazipanga mbegu zake kwa safu nzuri na atazisubiri mwaka mzima katika chumba chenye joto. Sisi tunapendekeza kulaza mbegu baridini. Kulaza ni neno ambalo mkulima analo, hulaza mbegu katika maji usiku kucha, na baridini linasema lililo muhimu. Wenzetu wawili walioisoma rasimu ya makala haya wanapendelea kupozesha mbegu, na hoja yao ni kwamba kulaza kutachanganywa na usingizi tuliokwisha kuutaja. Hatujashawishika, lakini hoja imewekwa mezani. Ikumbukwe tu kwamba mbegu ya mbuyu haihitaji lolote katika haya: ganda lake likwaruzwe au liloweshwe kwa maji ya moto, basi.

Kwa upande wa sakitu na jalidi, tungependa kupata msaada wa wasomaji. Maneno hayo ni ya vitabuni, na mfasiri mwingine atayaogopa kama alivyoyaogopa huyu. Lakini wapo wasemaji wa Kiswahili wanaoijua hali hiyo kwa macho: Njombe, Makete na kwenye uwanda wa Kitulo umande hugandia majanini katika usiku wa Juni na Julai, na mwenye bustani ya viazi huamka akakuta majani yamegeuka meusi. Watu hao wana neno, kwa Kiswahili chao cha huko au kwa Kibena, Kikinga na Kihehe. Walimu na watumishi walio katika wilaya hizo wanaombwa kutuletea neno hilo pamoja na sentensi mbili au tatu jinsi linavyotumiwa, na mwezi ambao limesikika.